Fahamu transfoma ya mapigo: spea ndogo inayoweza kusimamisha kinu kizima

Na Mwandishi Wetu

Mfanyabiashara anayepeleka unga ng'ambo ya mpaka huwa na hesabu ya mahindi, dizeli, ushuru na siku za lori barabarani. Mara chache huwa na hesabu ya kipande cha umeme chenye ukubwa wa kiberiti kilichomo ndani ya kabati la mota ya kinu. Kipande hicho kikifa, mota haiwaki au inanguruma bila kuzunguka, na lori lililokuja kupakia hulala uwanjani.

Kipande chenyewe kinaitwa transfoma ya mapigo. Kazi yake ni kuwasha thairista, ambayo ndiyo swichi ya umeme mkubwa. Utakikuta kwenye viwashio vya taratibu vya mota (mafundi wengi huviita sofstata), kwenye chaja kubwa za betri za foklifti, kwenye mashine za kuchomelea za aina ya zamani, na kwenye rektifaya zinazotoa umeme wa moja kwa moja kwa ajili ya kusafisha shaba. Wasafirishaji wanaobeba mabamba ya shaba kutoka Kongo na Zambia kuja bandari ya Dar es Salaam wanabeba mzigo uliopitia umeme wa namna hiyo.

Makala haya yanaeleza kifaa hiki kinavyofanya kazi, jinsi saketi yake inavyopangwa kwa hesabu, na mambo ya kuandika unapoagiza. Shabaha ni moja: anayenunua spea aelewe kuwa transfoma mbili zinazofanana kwa umbo na miguu zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa, na kinachozitofautisha ni namba.

THAIRISTA NI NINI?

Thairista ilitengenezwa na kampuni ya General Electric ya Marekani mwaka 1957. Ina miguu mitatu: anodi, kathodi na geti. Umeme mkubwa hupita kutoka anodi kwenda kathodi, lakini haupiti mpaka geti lipewe mkondo mdogo. Likishapewa, thairista hujifunga katika hali ya kuwaka, na hata geti likiachwa inaendelea kupitisha umeme. Huzimika mkondo mkubwa unaposhuka karibu na sifuri, jambo ambalo kwa umeme wetu wa hezi 50 hutokea kila nusu ya wimbi, yaani kila milisekunde 10.

Kwa hiyo anayechelewesha kuwasha geti ndani ya ile milisekunde 10 anapunguza umeme unaofika kwenye mota. Akiwahisha kidogo kidogo, mota inapata nguvu taratibu, mkanda haukatiki na taa za majirani hazififii. Hiyo ndiyo kazi ya sofstata.

KWA NINI TRANSFOMA IHITAJIKE?

Geti hupimwa kwa kulinganisha na kathodi ya thairista ileile. Katika sofstata ya fezi tatu kuna thairista 6, mbili mbili kwa kila fezi, zikiwa zimefungwa kichwa kwa mkia. Kila kathodi iko kwenye nyaya za umeme mkubwa, na volti yake inapanda na kushuka na laini. Laini ya volti 400 hufika kilele cha volti 566 hivi.

Upande wa pili kuna kadi ya kuongozea yenye volti 24 au chini ya hapo, pamoja na vitufe vinavyobonyezwa na mwendesha mashine kwa kidole chake. Pande hizi mbili zisigusane hata kidogo. Transfoma hupitisha amri kwa njia ya sumaku, bila waya wowote kuunganisha pande mbili. Ikivuja, kadi inaungua. Ikivuja vibaya, aliyeshika kitufe ndiye anayeumia.

Zipo njia nyingine. Kwenye njia ya umeme kati ya Ethiopia na Kenya, ya kilovolti 500 na urefu wa kilometa 1,045 hivi, iliyoanza kupitisha umeme wa biashara mwaka 2022, amri za kuwasha thairista hupelekwa kwa mwanga kupitia nyuzi za kioo. Kwa volti kubwa namna hiyo transfoma ndogo haifai. Kwenye kinu cha volti 400, transfoma ya mapigo bado ni rahisi, ni imara, na haihitaji umeme wake wa pembeni upande wa thairista.

HESABU YA KWANZA: GETI LINATAKA NINI?

Tuchukue mfano wa thairista ya kawaida ya sofstata ambayo jedwali la mtengenezaji linasema geti lake linawaka kwa mkondo usiozidi miliampea 150, kwa nyuzi joto 25.

Fundi asiye mwangalifu ataipa miliampea 150 na kuridhika. Hilo ni kosa la kwanza. Kukiwa na baridi, thairista ileile hudai mkondo mkubwa zaidi. Pia geti likipewa mkondo dhaifu, sehemu ndogo tu ya kipande cha silikoni huwaka kwanza, umeme wote wa mota unajibana hapo, na pakiungua thairista imekufa. Kanuni inayotumika sana ni kulipa geti mara 3 hadi 5 ya kiwango cha jedwali, na mkondo huo upande ndani ya mikrosekunde 1 hivi.

Kwa mfano wetu, mara 5 ni miliampea 750, sawa na ampea 0.75.

Tuseme kadi ina volti 24, na transfoma ina uwiano wa 2 kwa 1. Koili ya pili itatoa volti 12. Kati ya hizo, dayodi iliyo njiani inakula volti 1 na geti lenyewe linakula kama volti 2. Zinabaki volti 9. Gawanya 9 kwa 0.75 unapata 12, kwa hiyo resista ya geti ni omu 12.

Upande wa koili ya kwanza mkondo ni nusu yake, yaani ampea 0.375, ukiongeza ule mdogo wa kuamsha sumaku ambao tutaufikia.

HESABU YA PILI: MPIGO UDUMU MUDA GANI?

Mota ni koili, na koili haikubali mkondo upande ghafla. Mpigo mmoja mfupi ukija na kuondoka kabla mkondo wa mota haujafika kiwango cha kuifunga thairista, thairista huzimika tena. Kwa sababu hiyo amri inatakiwa kudumu.

Kuna sababu ya pili. Kwenye fezi tatu umeme huingia kwa waya mmoja na kutokea kwa mwingine, hivyo thairista mbili lazima ziwake pamoja. Thairista za fezi mbalimbali hupishana kwa nyuzi 60, ambazo kwa hezi 50 ni milisekunde 3.33. Amri ikidumu zaidi ya hapo, ile ya kwanza itakuwa bado inaitwa wakati mwenzake anapoanza kuitwa. Tuchukue milisekunde 4.

Hapa ndipo penye siri ya kifaa hiki. Transfoma haiwezi kubeba mpigo mrefu. Kiini chake cha sumaku hujaa kadiri volti inavyokaa, na kikishashiba koili inageuka kuwa waya mtupu. Uwezo wa kubeba hupimwa kwa volti kuzidisha muda, na jedwali huiandika kama volti-mikrosekunde.

Mpigo mmoja wa milisekunde 3.33 kwa volti 12 ungehitaji karibu volti-mikrosekunde 40,000. Hiyo ni transfoma kubwa na nzito. Badala yake, amri hukatwakatwa iwe msururu wa mapigo mafupi. Tukitumia mapigo 10,000 kwa sekunde, kila pigo likiwaka mikrosekunde 30 na kupumzika 70, kila pigo linahitaji 12 kuzidisha 30, yaani volti-mikrosekunde 360 tu. Ndani ya milisekunde 4 geti linapata mapigo 40, na lolote kati ya hayo linaweza kulikamata.

Tukiweka akiba, tunanunua transfoma ya 500. Tofauti ya 40,000 na 500 ndiyo inayofanya kifaa kitoshe kiganjani.

HESABU YA TATU: KIINI NA MIZUNGUKO

Anayetaka kujisukia mwenyewe, hesabu yake ni hii. Upande wa koili ya kwanza, volti 24 kwa mikrosekunde 30 ni 720. Chukua kiini cha feraiti cha umbo la E chenye eneo la kati la milimita za mraba 52, na ukubali sumaku ipande kwa tesla 0.2 tu, kwa sababu feraiti ikipata joto hushiba mapema. Gawanya 720 kwa 0.2 na kwa 52, unapata 69.2. Suka mizunguko 70 ya kwanza na 35 ya pili.

Kiini hicho kisipoachiwa nafasi ya hewa hutoa kama milihenri 9 kwa mizunguko 70. Mkondo wa sumaku mwishoni mwa pigo utakuwa miliampea 80. Jumla ya mkondo wa koili ya kwanza ni ampea 0.375 na 0.08, yaani 0.455. Transista yoyote ndogo ya swichi ya ampea 1 au zaidi inauweza, mradi volti zake zitoshe, kama tutakavyoona.

Weka kapasita ya mikrofaradi 100 karibu kabisa na transfoma. Kila pigo hunywa umeme kwa ghafla, na waya mrefu kutoka kwenye pawa saplai hauwahi kuuleta.

Kuhusu usukaji, kuna mvutano. Koili mbili zikisukwa pamoja, waya kando ya waya, pigo hupanda haraka lakini utenganisho wa umeme unakuwa wa rangi ya waya tu, ambayo haitoshi. Zikisukwa mbalimbali, utenganisho ni mzuri lakini sumaku nyingi hupotea njiani na pigo hupanda polepole. Njia ya kati ni tabaka la koili ya kwanza, karatasi imara ya kuhami, kisha tabaka la koili ya pili.

HESABU YA NNE: KUPUMZISHA KIINI

Sehemu hii ndiyo inayoharibiwa mara nyingi na matengenezo ya haraka. Transista ikizima, sumaku iliyojaa kwenye kiini lazima itolewe kabla pigo lijalo halijafika. Kinachoingia hutakiwa kitoke: volti-mikrosekunde 720 za kujaza zinadai 720 za kumwaga.

Wengi huweka dayodi moja ya kawaida sambamba na koili ya kwanza. Dayodi hiyo inashikilia volti 0.7. Gawanya 720 kwa 0.7, unapata zaidi ya mikrosekunde 1,000. Muda uliopo ni 70. Ukinzani wa waya unasaidia kidogo, lakini sumaku inabaki, pigo la pili linaongeza juu yake, na baada ya mapigo machache kiini kimeshiba. Mkondo unaruka na transista inaungua.

Dawa ni kuunganisha dayodi hiyo na dayodi ya zena ya volti 24 kwa mfululizo. Sasa 720 gawanya kwa 24 ni mikrosekunde 30, na kiini kinapata hata muda wa kupumua. Gharama yake ni kwamba transista inaona volti 24 za pawa saplai pamoja na 24 za zena na ile ya dayodi, kama 49 kwa jumla. Nunua ya volti 100.

Kadi ikirudi kutoka kwa fundi na zena imerukwa kwa kipande cha waya kwa sababu "dukani haikuwepo", kadi hiyo haijatengenezwa. Itawaka asubuhi na kufa jioni.

UPANDE WA GETI

Baada ya koili ya pili huja dayodi ya njiani, ambayo huzuia volti ya kinyume wakati kiini kinapomwagwa. Mageti mengi hayavumilii zaidi ya volti 5 za kinyume, na hapa zingefika 12. Kisha huja ile resista ya omu 12. Kwa pigo moja inakula wati 6.75, lakini kwa kuwa huwaka asilimia 30 ya muda, ndani ya milisekunde 4 kati ya kila 20, wastani ni wati 0.4. Weka ya wati 3, kwa sababu kadi ikiganda huku inapiga bila kukoma, wastani hufika wati 2.

Mwisho, sambamba na geti na kathodi, weka resista ya omu 100 na kapasita ya nanofaradi 10 hadi 100. Hizi ni walinzi. Volti ya laini ikiruka ghafla, mkondo mdogo hupenya katikati ya koili mbili za transfoma. Kwa uwezo wa pikofaradi 20 na mruko wa volti 500 kwa mikrosekunde, hupenya miliampea 10. Kwa pikofaradi 100 hupenya 50, na hapo thairista nyepesi inaweza kuwaka bila kuitwa. Ndiyo maana kipimo hiki nacho kimo kwenye jedwali.

Nyaya za geti zisokotwe mbili mbili, ziwe fupi, na zisilale kando ya nyaya za mota.

UNAPOAGIZA, ANDIKA HAYA

Mfanyabiashara wa spea akipelekewa picha tu ya simu, atatafuta kinachofanana na picha. Mpe namba hizi:

1. Uwiano wa koili, na idadi ya koili za pili. 2:1 na 2:1:1 si kitu kimoja. Ya pili huwasha thairista mbili, na koili zake mbili za pili lazima ziwe zimetenganishwa zenyewe kwa zenyewe, kwa sababu kati yake kuna volti kamili ya laini.

2. Volti-mikrosekunde, na kama zimehesabiwa kwa koili ya kwanza au ya pili. Katika mfano wetu 360 za koili ya pili ni sawa na 720 za kwanza. Anayechanganya anapata nusu ya anachohitaji.

3. Volti ya kupimia utenganisho. Kwa laini ya volti 400, kipimo cha volti 2,500 kwa dakika 1 ni cha kuanzia. Zipo za 4,000.

4. Mkondo wa geti unaotakiwa, na muda wa pigo kupanda.

5. Uwezo wa kapasita kati ya koili, kwa pikofaradi.

6. Mpangilio wa miguu na alama ya nukta. Nukta huonyesha mwanzo wa kila koili. Ikigeuzwa, pigo linafika geti likiwa kinyume na dayodi inalizuia. Mashine haiwaki ingawa kila kitu ni kizima.

Kwa upande wa forodha, transfoma za namna hii zisizotumia mafuta na zisizozidi kVA 1 zinaangukia namba 8504.31 ya mfumo wa kimataifa, na thairista huingia 8541.30. Tarakimu hizo sita hutumika pande zote za mpaka, ingawa kiwango cha ushuru hutofautiana. Kwenye ankara usiandike "transfoma" peke yake. Andika matumizi na ukubwa wake, ili mzigo wa mfukoni usije kuulizwa maswali ya transfoma ya nguzoni. Kadi kamili huainishwa kwa namna nyingine, hivyo wasiliana na wakala wako kabla mzigo haujaondoka.

KABLA YA KUIFUNGA

Kazi hii ni ya fundi umeme mwenye sifa, lakini mwenye mashine ana haki ya kuuliza kama hatua hizi zimefuatwa.

Kwanza, umeme mkubwa ukiwa umezimwa na kufungiwa, pima utenganisho kati ya koili. Pili, washa kadi peke yake na uangalie mapigo ya kila geti kwa osiloskopu: urefu mikrosekunde 30, na kilele cha pigo la 40 kisiwe kimelegea kuliko la kwanza. Kikilegea, kiini kinashiba. Tatu, wakati umeme mkubwa umewashwa, klipu ya ardhi ya osiloskopu isiguse kathodi. Klipu hiyo imeungana na ardhi ya jengo, na kathodi iko kwenye laini. Kinachofuata ni mlipuko. Kuna kipimio maalumu cha tofauti ya volti kwa kazi hiyo.

HESABU YA MWENYE KINU

Mwisho ni hesabu ya uchumi. Chukua mfano wa kinu kinachosaga tani 2 kwa saa kwa saa 10. Kikisimama siku 3 kusubiri spea, ni tani 60 ambazo hazikusagwa, na mishahara, pango na lori lililosimama vinaendelea kudai. Bei ya transfoma ya mapigo haikaribii hata kidogo hasara ya siku moja.

Kwa hiyo swali la "ipo ya bei nafuu zaidi?" siyo la kwanza kuuliza. La kwanza ni "volti-mikrosekunde ngapi?" Muuzaji akijua jibu, endelea naye. Asipojua, mwombe jedwali la mtengenezaji. Na ukishapata iliyo sahihi, nunua mbili. Moja ifungwe, nyingine iwekwe ndani ya mlango wa kabati ikiwa na namba zake zote kwenye karatasi, ili siku nyingine lori likifika lipakie na kuondoka.